Muhuri wa Kupe

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, nilitaka kuumwa na kupe kuliko nilivyotaka viatu vipya. Cheka tu, hata mimi nacheka. Lakini ungekuwa msichana pale Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, katika boma la Habuba, bibi yangu, na ng'ombe wa mahari ya Shangazi Halima wako njiani kutoka Dranya, ungekunja gauni juu ya magoti kama sisi na kungoja kwa hamu ile ile.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Sisi tuliishi Arua, upande wa Onduparaka, ambako baba alikuwa fundi cherehani. Likizo ilipofika, mama alitupandisha kwenye lori la tumbaku, mimi na mdogo wangu Safi aliyekuwa na miaka sita, akatutuma Koboko kwa mama yake baba tukasaidie kazi za harusi. Sukari ilikuwa adimu miaka ile, sabuni ilikatwa vipande vipande kama nyama, na watu wazima walizungumza kwa sauti ya chini. Basi harusi ilipotokea, kila mtu aliishika kwa mikono miwili. Sisi watoto ndio kabisa, tulikuwa hatulali kwa furaha.

Lazima nieleze Habuba alikuwa nani, maana bila yeye hakuna kisa. Alizaliwa Mkakwa, katika nyumba ya wafugaji wa ng'ombe, kisha akaolewa na babu yangu, Mnubi, mjukuu wa wale askari waliotoka Sudan. Kwa babu alijifunza sala, hina, udi, na kusuka makawa ya rangi ya kufunikia chakula, ambayo watu walitoka mbali kuja kuyatazama. Lakini likija suala la ng'ombe, alirudi kuwa binti wa baba yake moja kwa moja. Imani ninayoisimulia hapa sijapata kuisikia kwa mtu mwingine, si kwa Wakakwa wala kwa Wanubi. Nadhani ilikuwa ya ukoo wao tu, au ya mama yake tu.

Alituambia hivi: ng'ombe wa mahari wakifika, huwa hawajaijua nyumba. Wanamtuma kupe mbele. Kupe akimuuma msichana wa boma lile, na mahali alipouma pakawa peusi, basi ng'ombe wamepiga muhuri. Wamekubali kukaa, watazaa, na yule msichana naye siku moja ng'ombe wake watakuja. Masharti yalikuwa mawili. Kupe hang'olewi, anaachwa mpaka aanguke mwenyewe. Na muhuri hautajwi kwa mtu wa nje mpaka harusi ipite, kwa sababu ukiutaja, ng'ombe watarudi walikotoka. Habuba alikuwa na wake, chini ya goti la kushoto, kikovu cha mviringo ukubwa wa kifungo cha shati. Alikuwa akituruhusu kukigusa.

Shangazi Halima alikuwa na sababu ya kuyaogopa maneno hayo. Miaka miwili kabla alikuwa amechumbiwa na mtu mwingine, ng'ombe wakaletwa, kisha kukatokea ugomvi wa familia na ng'ombe wote wakarudishwa mchana kweupe, majirani wakiwa wamesimama mlangoni wakitazama. Nilikuwepo. Nakumbuka alivyojifungia chumbani na kukataa chakula. Sasa alikuwa amempata huyu wa Dranya, mkulima mwenye kucheka sana, na alimpenda waziwazi, bila haya yoyote.

Ng'ombe wakafika Ijumaa baada ya sala. Mama yangu, vumbi lile! Vigelegele vilianza kwenye nyumba ya kwanza barabarani vikaruka nyumba hadi nyumba mpaka kwetu. Mshenga alitangulia na fimbo begani kama mtu aliyewazaa yeye mwenyewe. Walikuwa wanane, wenye nundu, mmoja mwekundu mwenye paji jeupe ambaye tulimpenda papo hapo. Mimi, Safi na binamu zetu tuliwakimbilia mpaka zizini, na hapo tukakaa. Tuliwakuna shingo, tukalala kwenye majani waliyolalia, tukaviringika. Habuba alituona na hakutukataza. Alisimama kwenye lango la zizi akitabasamu.

Wa kwanza kupata nilikuwa mimi! Kupe alinishika kiunoni, pale kamba ya gauni inapofungwa. Sikumgusa. Nilitembea nimejishika kiuno siku nzima kama niliyebeba yai. Alianguka mwenyewe, na baada ya siku chache pakavimba, pakaweka kigaga cheusi tititi, na nje yake duara jekundu. Nikaumwa kichwa na homa kidogo, siku mbili tu, kisha nikaamka nikiwa mzima na njaa ya kufa. Habuba alikitazama kile kigaga, akakipaka samli, akanibusu kwenye paji.

"Rukia, ng'ombe iko najua wewe sasa," alisema kwa Kiswahili chetu cha Koboko.

Nilipewa kigoda cha kukaa karibu na bibi harusi. Nilipewa ini la kuku. Nilivyoringa siku zile, sijui kwa nini binamu zangu hawakunipiga.

Safi ndiye aliyeumia. Alijikagua mwili mzima kila asubuhi na hakukuta kitu. Alikuja akanishika mkono nyuma ya jiko, machozi yanamtoka, akasema ng'ombe hawamtaki. Niseme kweli: sikufanya kwa ubaya. Nilimpenda Safi kuliko mtu yeyote na sikuweza kuona analia wakati dawa ya kilio chake ilikuwa inatembea pale zizini. Nilimpeleka mchana, watu wote wakiwa kwenye kivuli wanachambua mchele. Kwenye shingo ya yule mwekundu nilimpata kupe aliyekuwa bado anazurura, hajashika. Nikamtega kwenye jani, nikamweka nyuma ya goti la Safi.

"Hapana tikisika," nilimwambia.

Hakutikisika. Alisimama wima kama askari kwenye gwaride, amefumba macho, anacheka bila sauti, mpaka kupe akashika. Kisha tukakumbatiana na kuruka ruka humo zizini kama wendawazimu.

Zilipobaki siku tano kufika harusi, Safi aliamka na homa. Habuba akafurahi. Alimfunua goti, akakuta kigaga cheusi, akapiga kigelegele kimoja kifupi. Siku hiyo hiyo tulipakwa hina sote, viganja na nyayo, na Safi alipakwa akiwa amelala. Lakini homa yangu ilikuwa imeondoka kwa siku mbili, na ya Safi haikuondoka. Ilipanda. Alilalamika kichwa na shingo. Mtoki ulimvimba kwenye nyonga hata hakuweza kunyoosha mguu. Habuba alimpeleka kwa dresa, mtoa dawa wa zahanati, mguu umefungwa vizuri kwa kitambaa ili muhuri usionekane, na dresa akatoa klorokwini kama alivyompa kila mtu mwenye homa, akasema isiposhuka arudishwe.

Haikushuka. Madoa madogo mekundu yalimtoka tumboni na mikononi. Siku ya tatu nilikuwa nimemshikia kikombe mdomoni, anakunywa, na huku anakunywa akanililia nimpe maji. Kisha akaniita mama. Nilitoka nje.

Shangazi Halima alinifuata. Alikuwa katika siku za bibi harusi kufungiwa ndani, ananukia udi na liwa, haruhusiwi kutoka, lakini alitoka.

"Rukia, nasikia Habuba iko narudisha mtoto kwa dresa leo. Wewe mdomo yako najua. Hapana sema kitu ya muhuri. Nakuomba."

"Safi iko mgonjwa sana, Shangazi."

"Naona. Mimi pia naona." Akaanza kulia. "Lakini ile mara ingine ng'ombe ilirudi, mimi nilitaka kufa. Dawa itatosha. Wewe nyamaza tu siku mbili tatu."

Watu wengine wangesimulia hapa kwamba shangazi yangu alikuwa na roho mbaya. Hakuwa nayo. Alikuwa binti wa miaka ishirini aliyeamini kitu kile kile nilichokiamini mimi. Nami niliamini sana! Nilikuwa na hakika kabisa kwamba nikifungua mdomo, wale ng'ombe wanane watageuza vichwa na kushika barabara ya Dranya. Upande huu shangazi yangu, upande ule Safi, na katikati mimi niliyemweka kupe kwa mkono wangu.

Habuba alimfunga Safi mgongoni. Mimi nilibeba birika la maji. Dresa alikuwa mzee Mlugbara aliyefanya kazi jeshini zamani, na bado aliongea kama anayepanga watu mstari. Alimlaza Safi kwenye benchi, akatazama macho, akabonyeza tumbo, akakunja uso.

"Hii hapana malaria. Malaria ingesikia dawa." Akageuza viganja vya Safi, akaona hina. Akatazama nyayo, akaona hina. "Mama, hii rangi yenu iko naficha mambo. Mimi nataka kuona kama doa iko kwa viganja pia, naona harusi."

Habuba akamvutia Safi gauni chini ya magoti. Dresa akaanza kutaja hospitali ya misheni, upande wa pili wa Arua, kwamba pengine Safi apelekwe huko, lakini siku hiyo hakukuwa na gari, na hata likipatikana, huyu mtoto atafika vipi? Alisema hivyo huku anamtazama Safi, na sauti yake ya jeshi ilikuwa imeshuka.

Nikasema. Hata sikujua ninaanza. "Iko na muhuri! Nyuma ya goti! Ya kupe! Mimi niliweka!"

Birika lilianguka, maji yakamwagika sakafu nzima. Sikuthubutu kumtazama Habuba. Dresa alifungua kitambaa, akageuza mguu, na huyo mzee, naapa, alipiga makofi kama mtu aliyeona goli.

"Kumbe! Kumbe ni wewe!" Alikuwa anakiambia kile kigaga. "Mama, kwa nini hapana sema? Hii ni homa ya kupe! Ningejua juzi!"

Kwa furaha yake alianza kutufundisha papo hapo, huku anafungua kabati na kushusha makopo. Alisema ndani ya kupe kuna mdudu mdogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Kupe akishika ngozi na kukaa, mdudu huyo anaingia pamoja na mate yake, na mahali pa kuingilia panakufa, panakuwa peusi. Kisha anasambaa kwenye damu na kutoboa toboa vimishipa, ndiyo yale madoa. Mtu hamwambukizi mtu, ni kupe tu. Na kupe mama humwachia mwanawe ndani ya yai, kwa hiyo hata kupe aliyezaliwa leo anaweza kuwa naye tayari.

"Sasa mutu akiponda kupe na vidole, halafu anakuna jicho, mududu inaingia pia. Hapana ponda! Iko lala kwa majani ya ng'ombe? Hapana lala!"

Hilo la kulala kwenye majani tulikuwa tumelifanya, tena kwa kuviringika.

Alipata alichokitafuta, kopo la tetrasaiklini lenye vidonge vichache chini. Alivihesabu, vikatosha kwa mtoto. Alimwonya Habuba kwamba dawa ile kwa watoto wadogo inaweza kuharibu rangi ya meno.

"Mutu iko na meno ya rangi," alisema, "lakini iko hai."

Safi alimeza cha kwanza hapo hapo. Nilidhani sasa Habuba atanigeukia. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono juu ya goti lake la kushoto.

"Dokta," alisema. Hakuwa daktari, lakini alimwita hivyo. "Zamani, nyumbani kwa baba yangu, mimi niliolewa. Ng'ombe ilikuja. Mimi nilipata muhuri hii, na mdogo yangu Kiden alipata, hapa shingoni. Mimi nilipona. Kiden alikuwa na homa, na madoa, alikuwa anaita watu ambao hakuna. Akafa kabla ya harusi. Wazee walisema ng'ombe ilimpenda sana, ikamchukua. Ilikuwa hii?"

Dresa aliacha kufunga kopo. Yule mzee aliyepiga makofi sasa hivi hakujua aitie wapi mikono yake. Alisema yeye hakuwepo, hawezi kuapa. Kisha akasema, "Ndiyo, mama. Mimi nafikiri ilikuwa hii."

Habuba aliitikia kwa kichwa, akamfunga Safi mgongoni, akanishika mkono. Njia nzima hakuniachia mkono, na nilijua hajanikasirikia. Nilitamani angenikasirikia, ingekuwa rahisi.

Sasa sikia yaliyotokea kesho yake, maana hata leo nikisimulia watu hudhani naongeza chumvi. Dresa alikuwa amepeleka habari kwa mtu wa mifugo, na mtu wa mifugo akaja asubuhi, akawatazama ng'ombe, akashika kichwa. Wana kupe mno, waoshwe dawa joshoni, wote wanane, leo leo. Na josho lilikuwa wapi? Dranya!

Ng'ombe wakarudi walikotoka.

Niliwaona kwa macho yangu wakitoka langoni, mwekundu mbele, wakashika barabara ile ile, na majirani wale wale wakasimama milangoni. Shangazi Halima alipiga yowe ndani ya nyumba. Mimi nilijificha nyuma ya jiko nikilia kwa nguvu, kwa sababu yote yalikuwa kweli, neno kwa neno, na mimi ndiye niliyesema. Mshenga ndiye aliyetuokoa. Mtu huyu alikuwa na akili ya haraka. Alirudi hatua kumi, akasimama katikati ya boma na kupaza sauti kila jirani asikie:

"Nyinyi nalia nini? Bibi harusi iko naoga siku saba, iko napaka liwa, iko nafukiza moshi. Ng'ombe yake itakuja harusini na kupe? Nao wanakwenda kuoga!"

Habuba ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akakaa chini, na machozi yakamtoka, na sijui yote yalikuwa ya kicheko. Kisha boma zima likacheka, na majirani, na mwishowe tukasikia Shangazi Halima naye anacheka kutoka ndani huku bado analia. Kesho yake jioni Safi alitoka jasho, akafungua macho, akaniita Rukia, jina langu, akauliza kama ini la kuku limebaki. Nilikimbia boma zima nikitangaza hilo ini! Ng'ombe walirudi asubuhi ya harusi, wananuka dawa kiasi kwamba wageni walikaa mbali nao, na walizaa miaka mingi.

Safi yupo Arua, ni bibi sasa, anauza vitenge. Meno yake yana mstari wa kahawia, na kwa kuwa anacheka kwa mdomo wote, kila mteja anaujua. Juzi nilimwambia kwamba sijawahi kujisamehe. Akasema, "Dada, mimi ndiye niliyesimama wima," akaendelea kupima kitambaa.

Habuba aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Kila jioni tulipokuwa kwake, kabla jua halijazama, alituketisha mkekani na kutukagua nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, kwa umakini ule ule aliokuwa anatupaka hina. Akimpata kupe, alimshika karibu na ngozi kwa kitambaa, akamvuta taratibu, akamtupa motoni. Hakutaja muhuri tena. Aliposali, alianza kumtaja Kiden, jina ambalo kabla ya hapo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake.

Nikiwa mtoto niliona aibu kwa niaba yake, nikidhani alikuwa ametudanganya. Sasa nina umri aliokuwa nao, na nina kikovu changu kiunoni, naona mambo kwa namna nyingine. Habuba aliumwa, akapona, akaolewa, ng'ombe wakazaa. Mimi niliumwa, nikapona, nikapewa ini la kuku. Ungetuuliza mimi na yeye, tungekuapia kwamba alama ile ni bahati, na tusingekuwa waongo. Wa kuulizwa alikuwa Kiden, na miaka yote ile hakuna aliyekuwepo wa kumsemea, mpaka mchana ule nilipomwaga maji ya birika kwenye sakafu ya zahanati na Habuba, dada yake, akapata ujasiri wa kuuliza.